Kupanda Mlima wa Mawe katika Nchi ya Buha

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi wa Kasulu na Kibondo hulifanya tangu utoto pasipo kulifikiri, nalo ni kupanda mlima. Huenda mmoja wenu akacheka na kusema, "Je, Muha naye afundishwe kupanda mlima? Si sawa na kumfundisha samaki kuogelea?" Ni kweli. Mama ashukaye kisimani alfajiri na kurudi na ndoo ya maji kichwani amekwisha panda kuliko mimi. Lakini kupanda njia ya shamba ni jambo moja, na kuparamia mwamba kwa mikono na miguu mpaka kileleni, ili kuitazama nchi, ni jambo jingine. Katika hili la pili nimeona vijana hodari, wazaliwa wa milimani, wakitetemeka kama majani. Mmoja wao nalikuwa nimemchukua mimi mwenyewe, na habari yake nitaieleza mahali pake.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Nyanda za juu za Buha zimeinuka tangu mita 1,200 hata kupita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi ardhi huanguka kwa ghafula mpaka Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 773 hivi juu ya bahari, na kina chake chapita mita 1,400. Mwanafunzi ajuaye kutoa na kujumlisha ataona mara moja kwamba sakafu ya ziwa hilo iko chini sana kuliko uso wa bahari ya Dar es Salaam. Bonde lile kuu lilipopasuka na kudidimia, kingo zake ziliinuka pande zote mbili, kama udongo uinukavyo kando ya mfereji. Sisi wa Buha twakaa mgongoni mwa ukingo huo.

Na mawe yake? Hayo ni ya kale kuliko bonde, tena kwa muda usioingia akilini upesi. Karibu na Manyovu, ambako sasa ni Wilaya ya Buhigwe iliyokatwa kutoka Kasulu mwaka 2012, yako mawe mekundu ambayo wataalamu wa miamba wameyaita kwa jina la mahali hapo hapo. Yamelala pamoja na mawe meusi ya moto wa chini ya ardhi, yaitwayo mawe ya Gagwe, na hayo meusi yamepimwa umri wake: ni kama miaka milioni 800. Yale mekundu yalikuwa mchanga na matope yaliyoletwa na maji, yakalala tabaka juu ya tabaka, yakagandamana. Wekundu wao ni wa chuma, sawasawa na kutu ya jembe lililosahauliwa mvuani.

Kwa mtu apandaye, habari hii si ya kitabuni tu. Jiwe lililofanyika kwa tabaka huvunjika kwa tabaka. Kwa hiyo humpa mtu ngazi nzuri za kukanyaga, lakini pia humwachia kipande mkononi, kama gamba la mti mkavu, wakati ule ule anapokitegemea. Mawe meupe magumu yenye kung'aa ni waaminifu zaidi, maana hayabanduki kwa urahisi, nayo yakiwa makavu huushika mguu vizuri. Yakilowa, yakawa na ukoga, afadhali sabuni.

Sasa, wakati wa kwenda. Mvua zetu huanza kwa kadiri Oktoba au Novemba, zikaendelea hata Aprili au Mei. Baada yake huja kiangazi, na mwisho wa kiangazi, Agosti na Septemba, moto wa misituni hujaza hewa moshi hata mtu akafika kileleni asione kitu ila ukungu wa rangi ya majivu. Juni na mwanzo wa Julai ndiyo miezi bora: hewa imeoshwa na mvua, njia imekauka, na nyasi bado hazijachomwa. Lakini watu hawapandi mwezi huo tu, na mimi sikupanda mwezi huo, ndiyo sababu nina jambo la kusimulia.

Jambo jingine la wakati ni saa. Saa za Tanzania ni moja, lakini jua halina habari na saa za ukutani. Kasulu iko mbali sana magharibi ya Dar es Salaam, basi jua lake huchelewa zaidi ya nusu saa. Huchomoza karibu na saa 1 asubuhi na kuzama karibu na saa 1 jioni. Mgeni kutoka pwani hudhani amepewa zawadi ya mwanga wa jioni, akakawia kileleni. Asikumbuke kwamba asubuhi amenyimwa kiasi kile kile. Na likiisha zama, giza huingia upesi kama mlango uliofungwa.

Vitu vya kuchukua ni vichache. Maji lita mbili au tatu kwa kila mtu, muhogo wa kuchemsha au karanga, na nguo ya kujifunika, maana kwa kila mita 1,000 za kupanda baridi huongezeka kama digrii 6, licha ya upepo. Viatu viwe vya kubana mguu. Kandambili hazifai kabisa. Katambuga zenye mikanda imara zafaa kwa njia, lakini katika mwamba mguu huchezacheza ndani yake, na mguu mtupu wa mtu aliyezoea ni bora kuliko hizo. Mzigo wote uwe mgongoni, usiwe mkononi wala kichwani. Tena, kabla ya kwenda, mpelekee salaam mwenyekiti wa kijiji, hasa upande wa mpaka wa Burundi, ambako mgeni azungukaye vilimani na darubini hutiliwa shaka, wala si ajabu.

Basi, safari yangu. Twalikuwa watu wanne katika vilima vya upande wa Heru: mzee mmoja mfuga nyuki, ambaye umri wake umepita miaka sitini, wavulana wawili wa shule ya sekondari, na mimi. Nasema mfuga nyuki kwa kusudi. Twalipokaribia miamba ya kwanza mzee alisimama, akainua mkono, akasikiliza. Sisi hatukusikia kitu. Yeye akasema, "Wanangu, hapa pana wenyewe," akatuzungusha kwa mbali katikati ya miyombo. Ndipo tukaona ufa mweusi katika jiwe, na nyuki wakiingia na kutoka. Watu hufikiri juu ya nyoka tu, na ni kweli kifutu hupenda kujianika juu ya mwamba wa jua la asubuhi, kwa hiyo usitie mkono mahali ambapo jicho halijatangulia. Lakini nyoka mmoja humuuma mtu mmoja. Nyuki wakichokozwa juu ya mwamba, mahali pasipo pa kukimbilia, huwaangusha watu wote.

Njia ilipokwisha, mwamba ukaanza. Haukuwa mwamba wa kutisha. Ulikuwa wa kulala, wenye nyufa na vidato, wala hauhitaji kamba. Hapo mzee alitufundisha kwa maneno machache kuliko nitakayotumia mimi. Alisema, "Mlimani mtu ana miguu minne. Mmoja ukienda, mitatu ikae." Maana yake ni hii: katika mikono miwili na miguu miwili, vitatu viwe vimeshika mahali imara daima, na kimoja tu ndicho kiende kutafuta mahali papya. Kikiteleza hicho kimoja, vitatu vitakuchukua. Vijana huvunja sheria hii kwa sababu ya haraka. Huruka kwa mkono na mguu pamoja, na mara tisa hawapati dhara.

Tena jiwe sharti liulizwe kabla halijaaminiwa. Ligonge kwa kiganja. Likitoa sauti ya kubana, kama mtungi mzima, ni imara. Likitoa sauti ya uwazi, kama mtungi wenye ufa, liache. Livute chini, usilivute kuja kwako. Uzito wa mwili uutie miguuni, maana miguu imezoea kukubeba tangu ulipoanza kusimama, lakini mikono huchoka kwa dakika chache. Mikono kazi yake ni kukuzuia usiyumbe. Mtu ajivutaye kwa mikono kama apandaye mnazi hufika juu mikono ikitetemeka, na bado hajashuka. Usijilaze juu ya mwamba kwa hofu, ijapokuwa moyo wakuambia uukumbatie. Mwili uliolala huisukuma miguu nje, nayo huteleza. Mwili uliosimama wima huikandamiza miguu kwenye jiwe, ikashika.

Changarawe iliyotawanyika juu ya mwamba laini ni adui mdogo mwenye madhara makubwa. Ni kama punje za mahindi juu ya sakafu ya saruji. Ifagie kwa mguu kabla ya kukanyaga, lakini angalia ni nani aliye chini yako. Nasi twalipanda kwa mshazari, mmoja upande huu na mmoja upande ule, asiwepo mtu chini ya mwenziwe, na kila jiwe lililobanduka, hata dogo kama yai, aliyelibandua alipiga kelele "Jiwe!" Pimbi walituchungulia toka mashimoni mwao, nadhani walituona wajinga sana.

Saa 6 na nusu twalifika juu. Ilikuwa imetupasa kufika saa 4. Twalichelewa kuanza kwa sababu yangu mimi, nami siwezi kuwatupia wavulana lawama hiyo.

Niseme nini juu ya mahali pale? Jicho la mtu asimamaye uwandani halioni mbali kwa kuwa dunia ni mviringo. Ukiinuka mita 100 juu ya nchi tambarare, upeo wa macho husogea mpaka kilometa 36 hivi. Ukitaka kuona mara mbili ya hapo, haitoshi kupanda mara mbili. Sharti upande mara nne, yaani mita 400, ndipo upeo huwa kilometa 71. Ndiyo maana hatua za mwisho za mlima huchosha sana na kuongeza kidogo tu. Lakini hakuna aliyekwisha fika karibu na kilele akarudi kwa ajili ya hesabu hiyo.

Twalitazama mashariki na kusini. Miyombo ilitandazwa mpaka ikageuka samawati, na mabonde yakaonekana kama mikunjo ya shuka. Nikawaeleza wavulana habari ya mto Malagarasi, ambao naupenda kuliko mito yote. Maji yake ya kwanza yako karibu na mpaka wa Burundi, wala si mbali na Ziwa Tanganyika, lakini hauendi ziwani. Huligeuzia ziwa mgongo, ukaenda kaskazini na mashariki, ukapita nchi ya Kibondo, ukageuka kusini na kuzama katika mabwawa makubwa ya Moyowosi, kisha ukarudi magharibi, ukapita Uvinza penye chumvi, na mwisho ukaingia katika ziwa lile lile ulilolikimbia. Mwendo wake ni kama kilometa 475. Kasulu na Kibondo zimekaa ndani ya upinde huo kama mtoto katika mbeleko. Mabwawa yale pamoja na bonde la mto yaliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya mataifa ya ardhi zenye majimaji zistahilizo kulindwa, nayo yalikuwa ya kwanza nchini Tanzania.

Mvulana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona mto unazunguka bure?" Swali zuri. Sababu ni ule ukingo nilioutaja. Ardhi ilipoinuka kando ya bonde, maji yaliyoanguka mgongoni mwake hayakuweza kuupanda ukingo, yakalazimika kuzunguka. Na wataalamu wa samaki wameona jambo la ajabu: Malagarasi una samaki walio ndugu wa samaki wa mto Kongo, ambao ziwani hawamo kabisa. Kwa hiyo wasema mto ni mkongwe kuliko ziwa. Kwamba zamani uliendelea moja kwa moja mpaka Kongo, hata bonde lilipopasuka na kuukata katikati. Hata hivi leo maji yake bado yafika huko, maana ziwa hutoka kwa mto Lukuga, na Lukuga humimina katika mto Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki. Bali maji ya upande wa Ngara, kaskazini kidogo tu, huingia Ruvubu na Kagera, yakaenda Ziwa Viktoria, na kutoka huko yakashuka na Nili mpaka Misri. Mvua ya wingu moja, bahari mbili.

Juu ya vilima hivi watu walijua faida ya kuona mbali kabla ya sisi. Heru Juu palikuwa makao ya watawala wa Heru, walioitwa Mwami. Na mmoja wao, Mwami Theresa Ntare, aliyeanza kutawala mwaka 1946, alikuwa mwanamke. Hapo juu penye nyasi na upepo ng'ombe waliishi, kwa kuwa ndorobo hapapendi. Ndorobo yuko misituni huko chini, naye huleta malale; katika miaka ya 1930 serikali ya wakati ule iliwahamisha watu wengi wa Buha, na wa Kibondo hasa, ikawakusanya katika makazi makubwa kwa sababu ya ugonjwa huo. Hata leo mtu aendaye upande wa Moyowosi avae nguo za rangi hafifu, maana ndorobo hufuata rangi ya buluu na nyeusi.

Nikawaeleza na habari ya Gombe. Mwezi wa Julai, 1960, msichana wa Kiingereza, Jane Goodall, alifika Gombe kuwatazama sokwe. Walimkimbia kila alipowakaribia. Basi akachagua kilele kimoja cha mawe juu ya mabonde, akawa akikaa hapo siku baada ya siku na darubini yake, nao wakamzoea kidogo kidogo. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alimwona sokwe akitia kijiti cha nyasi katika kichuguu ili avue mchwa na kuwala, na habari hiyo iliwashangaza wataalamu wa Ulaya na Marekani, ambao walidhani ni binadamu pekee afanyaye vyombo vya kazi. Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968.

Mwaona jinsi nilivyo na maneno mengi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na siku ile, na katika kuzungumza sikuyaona mawingu. Mzee ndiye aliyeniambia kwa adabu, "Mwalimu, Burundi kumeiva." Nikageuka. Kaskazini mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu.

Tulipoanza kushuka, mvulana mdogo hakuwapo. Alikuwa amepanda jabali la mwisho, refu kama nyumba ya ghorofa moja, apate kuona zaidi. Mimi nalimwona akipanda, sikumkataza. Kupanda kulimchukua dakika mbili. Sasa alitaka kushuka akiwa ameketi, uso nje, kama atelezaye juu ya lundo la majani; mguu ukakanyaga changarawe, akateleza kiasi cha hatua moja, akakwama juu ya kidato chembamba. Hapo hofu ikamshika. Hakulia wala hakusema neno. Mikono yake ililishika jiwe hata kucha zikawa nyeupe.

Hii ndiyo sababu kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Upandapo, macho yako karibu na mikono, nayo huona mahali pa kushika. Ushukapo, mahali pa kukanyaga pako chini ya tumbo lako, hupaoni. Na unachokiona ni bonde tu. Kwa hiyo mtu hana budi kuutazama mwamba tangu kupanda na kujiuliza katika kila kidato, "Je, hapa nitashukaje?" Asipokuwa na jibu, asipande.

Radi ikapiga. Mvulana wa pili akahesabu kama nilivyomfundisha: tangu umeme mpaka ngurumo zilikuwa sekunde ishirini. Sauti huenda kilometa moja kwa kila sekunde tatu, basi tufani ilikuwa mbali kama kilometa saba, na tufani yaweza kurusha radi mbali kuliko hapo. Hesabu ikiwa chini ya thelathini, mtu asiwe kileleni. Nasi tulikuwa kileleni.

Nalitaka kumpigia kelele afanye haraka. Mzee alinikataza kwa jicho. Akavua viatu, akapanda kwa ubavuni, si chini ya kijana, ili akianguka wasianguke wote wawili. Akasema polepole kama azungumzaye na mtoto mgonjwa, "Mwanangu, geuka. Uupe mwamba uso." Kijana hakugeuka. Mzee akangoja. Akamwuliza mama yake amepanda nini mwaka huu. Kijana akajibu, "Maharage." "Na muhogo?" "Na muhogo." Katika jibu la pili mkono mmoja ulilegea, na mzee akauhamisha ufani. Kisha bega, kisha kiuno, mpaka akageuka. Ndipo mzee akashika kifundo cha mguu wake, akaupeleka kwenye kidato ambacho kijana hakikioni, akaukandamiza. "Huo umekaa. Sasa mwingine." Mita nne zilichukua karibu nusu saa, na hesabu ya radi ilikuwa imefika nane.

Mvua ilitukuta chini ya mwamba, katika miti mifupi. Hatukusimama chini ya mti mrefu wala katika pango lisilo na kina, maana umeme huruka mdomoni mwake. Twalichutama bondeni, miguu pamoja, kila mtu mbali na mwenziwe hatua kumi na zaidi, ili radi ikimpata mmoja wengine wabaki wa kumsaidia. Tulilowa hata mifupa. Sikuwahi kumwona mtu akitabasamu katika mvua ya namna ile, lakini yule mvulana alitabasamu.

Jioni, kwa mama yake, twalipewa ugali wa muhogo na migebuka. Mama aliuliza kwa nini goti la mwanawe limechubuka. Wavulana wote wawili walinitazama mimi. Nikamweleza yote, pamoja na kuchelewa kwangu na kutomkataza mtoto. Alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia mzee, akamwongeza samaki wa pili. Mimi sikuongezwa.